Reli ya Mezani na Kazi ya Mikono Mingi

Katika miji mingi ya Uingereza, jioni moja katika kila juma, watu wa kazi mbalimbali hukusanyika katika ukumbi uliokodiwa, kila mmoja akiwa na kisanduku kwapani. Huyu ni seremala, yule karani wa benki, mwingine fundi wa umeme aliyekwisha kustaafu, na nyuma yao yuko mvulana wa shule aliyeletwa na babu yake. Mpita njia angedhani wamekuja kucheza karata. Sivyo. Wamekuja kujenga reli.

Reli yenyewe ni ndogo, hata mtu anayesimama katika stesheni yake hazidi sana sentimita mbili kwa urefu. Lakini ina mataruma, ishara na madaraja, na magari ya moshi yake huenda kwa umeme, husimama na kupishana kama yale makubwa. Kazi hii huweza kuchukua miaka kadhaa, wala hapana anayelipwa hata senti moja. Wengine huiita mchezo. Hata hivyo, anayeitazama kwa makini ataona kwamba ina mambo yanayomfaa kila mtu aliye katika chama chochote.

NJIA NYEMBAMBA NI NINI?

Vyama vingi vya namna hii hupenda reli za njia nyembamba. Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda mbali ili aelewe maana ya maneno hayo. Reli ya zamani iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901 ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435, nao ndio upana unaotumika zaidi duniani. Njia yoyote iliyo chini ya upana huo huitwa nyembamba.

Faida yake ni kwamba njia nyembamba huweza kupinda kwa ukali zaidi. Badala ya kupasua mlima, huuzunguka. Badala ya daraja kubwa, huridhika na dogo. Na kwa hiyo gharama hupungua. Huko Wales ziko reli nyembamba kuliko ya Kenya. Reli ya Ffestiniog, iliyofunguliwa mwaka 1836 kuchukua mawe ya kuezekea nyumba kutoka milimani hadi bandarini, ina upana wa milimita 597 tu.

RELI ILIYOKUFA

Mfano mmoja unaopendwa sana na wajenzi wa reli za mezani ni reli iliyokuwako katika jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, kati ya Barnstaple na mji mdogo wa Lynton. Upana wake ulikuwa ule ule wa Ffestiniog, na urefu wake maili 19 hivi, yaani kilomita 31. Ilifunguliwa mwezi wa Mei 1898, na aliyeisukuma mbele kuliko wote alikuwa Sir George Newnes, tajiri aliyekuwa na magazeti. Injini zake tatu za kwanza, Yeo, Exe na Taw, zilitengenezwa na kiwanda cha Manning Wardle mjini Leeds. Ya nne, Lyn, ilitoka kwa Baldwin wa Philadelphia, Marekani, kwani wakati huo viwanda vya Uingereza vilikuwa vimelemewa na kazi. Mwaka 1925 ikaongezwa ya tano, Lew. Zote zilipewa majina ya mito, na kila jina lilikuwa na herufi tatu.

Nchi ilikuwa nzuri, walakini abiria walikuwa wachache. Stesheni ya Lynton ilijengwa juu kilimani, mbali na mji, na motokaa zilipoenea watu waliona ni afadhali kufika mlangoni mwao kuliko kupanda mlima. Tarehe 29 Septemba 1935 gari la mwisho lilikwenda. Baada yake mtu mmoja aliweka shada la maua katika stesheni ya Barnstaple, kama anayemzika ndugu yake. Mwezi wa Novemba mali yote ikapigwa mnada. Injini zilikatwa vipande, ila Lew peke yake iliyopakiwa melini mwaka 1936 kwenda Brazili, na hapana ajuaye mwisho wake. Mabehewa mengine yalinunuliwa yakawa vibanda vya bustani.

Basi chama kinachotaka kuijenga reli hiyo hakina kitu kizima cha kutazama. Hutegemea picha za zamani, michoro iliyobaki, na vipimo vilivyochukuliwa na watu waliokwenda na kamba zao kupima magofu yaliyosalia.

HESABU KABLA YA MSUMENO

Kipimo kinachotumiwa sana Uingereza kwa njia nyembamba huitwa 009. Maana yake ni kwamba kila futi moja ya kitu halisi huwa milimita 4 katika mfano, yaani sehemu moja ya 76, na njia yenyewe ina upana wa milimita 9. Mwenye kupiga hesabu ataona kwamba njia ya milimita 597 ingepasa kuwa chini kidogo ya milimita 8. Lakini magurudumu na mitambo ya milimita 9 ilianza kuuzwa madukani tangu miaka ya 1960, na wajenzi wengi wakaona heri kupoteza milimita moja kuliko kuchonga kila gurudumu kwa mkono.

Kwa kipimo hicho, kilomita 31 za reli ya Lynton zingehitaji ukumbi wenye urefu wa mita 400 na zaidi. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo chama hufanya ni kukubali kuacha. Huchagua mahali pamoja, kwa mfano stesheni ya Chelfham, ambapo magari yaliweza kupishana, na karibu yake daraja la matofali lenye matao manane na kimo cha mita 21. Mezani daraja hilo huwa na kimo cha sentimita 28 hivi, nalo ni zuri kutazama. Daraja halisi lingali limesimama mpaka leo.

Mahali hapa ndipo vyama vingi huvunjika kabla ya ubao wa kwanza kukatwa. Mmoja hutaka kila tofali liwe kama lilivyokuwa. Mwingine hutaka reli ya kubuni ili awe huru. Wa tatu hutaka magari matano yaende kwa wakati mmoja. Chama chenye busara huandika mapatano katika daftari, na asiyeridhika hupewa sehemu yake ya kupamba apendavyo.

KIUNGO CHA UBAO NA UBAO

Reli ya chama haijengwi juu ya meza moja. Hujengwa juu ya mbao nyingi, kila moja ikiwa na urefu wa mita moja na robo hivi na upana wa nusu yake, ili watu wawili waweze kuibeba na motokaa iweze kuichukua. Kila mwanachama huenda na ubao wake nyumbani, akaufanyia kazi jioni zake, na siku ya kukutana mbao zote huunganishwa.

Hapo ndipo penye shida yote. Reli mbili zikitofautiana nusu milimita tu kwenye kiungo, gurudumu hupanda juu ya chuma na gari zima huanguka. Mtu aweza kujenga stesheni ya kupendeza kuliko zote, lakini kama ncha ya ubao wake haikutani sawasawa na ncha ya ubao wa jirani, stesheni yake haitafikiwa na gari lolote.

Kwa sababu hiyo chama huwa na kigezo kimoja, na kila ubao hutobolewa kwa kigezo hicho, si kwa kukadiria kwa macho. Katika matundu hutiwa vishikizo vya chuma, dume upande huu na jike upande wa pili, ndipo mbao hukazwa kwa bolti. Kisha reli hulazwa kwa kipande kimoja kupita juu ya kiungo, hulehemiwa juu ya vichwa vya skrubu za shaba pande zote mbili, na mwisho hukatwa katikati kwa msumeno mwembamba. Kwa njia hiyo ncha mbili ambazo zilikuwa chuma kimoja hazisahauliani, hata zikitenganishwa na kuunganishwa mara mia.

WAYA NA MILIMA

Umeme unaoendesha injini ni volti 12 tu, hupita katika reli zenyewe, na gurudumu huupokea na kuupeleka katika mota. Chini ya ubao waya ni nyingi kama mizizi ya mwembe. Kanuni ni kwamba kila waya uwe na rangi yake, na rangi zote ziandikwe katika daftari la chama. Fundi anayezishika zote kichwani ni hatari hata akiwa hodari, kwani siku atakayoshikwa na homa kabla ya maonyesho, wenzake watakaa gizani na reli yao nzima. Maarifa yaliyo kichwani mwa mtu mmoja si mali ya chama.

Milima haihitaji fedha nyingi. Magazeti yaliyokwisha kusomwa hukunjwakunjwa yakawa mafungu, juu yake hutandazwa vitambaa vilivyotiwa plasta, na ikikauka hupakwa rangi ya udongo. Unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani huwa majani, na nyaya zilizosokotwa huwa miti. Mvulana ambaye bado haaminiwi na chuma cha kulehemu huweza kupanda msitu mzima, na kwa kazi hiyo mikono yake huzoea, hata mwaka unaofuata akapewa kulaza reli.

SIKU YA MAONYESHO

Chama hujulikana siku ya maonyesho. Alfajiri mbao hupakuliwa, huunganishwa, na reli hufutwa vumbi, kwa maana uchafu mdogo huzuia umeme. Nyuma ya pazia iko sehemu ambayo watazamaji hawaioni, ambapo magari hungoja zamu. Waendeshaji hufuata ratiba. Wa stesheni hii hampelekei mwenzake gari mpaka mwenzake aseme njia ni wazi, kama ilivyo katika reli ya kweli yenye njia moja.

Watoto hujipenyeza mbele, na wazee husimama nyuma. Gari dogo hutoka stesheni, huingia juu ya daraja la matao manane, na kupita viungo viwili au vitatu bila kutikisika. Watazamaji husifu daraja. Viungo hawavioni, na waliovitengeneza hufurahi kwa sababu hiyo hiyo.

Na reli halisi ya Lynton haikubaki kaburini. Mwaka 1979 wapenzi wake waliunda chama. Mwaka 1995 stesheni ya Woody Bay ilinunuliwa, na mwaka 2004 magari ya moshi yakaanza kwenda tena hapo, kwa kipande kifupi tu. Mwaka 2017 ilikamilika injini mpya iliyofuata mfano wa Lyn ya zamani. Kazi hiyo pia ilikuwa ya watu waliojitolea, kila mmoja kwa alichokuwa nacho.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Yafaa kuongeza kwamba hata vidole kumi havitavunja, visipokubali kukutana mahali pamoja. Aliye katika chama cha wakulima, cha akiba au cha mpira, naye ana ubao wake. Na kabla hajaupamba, kwanza autazame mwisho wake, pale unapogusana na wa jirani.