Fahamu: Jinsi ya kujua programu imekula kiasi gani cha kompyuta

Kompyuta ikianza kukwama, swali la kwanza ni programu gani inailemea. Jibu lipo kwa mfumo endeshi, kwani ndio unaogawa prosesa na kumbukumbu.

Kwenye Linux na macOS, programu huuliza matumizi yake yenyewe kwa wito uitwao getrusage, uliotokana na Unix ya BSD ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Muda wa prosesa huja katika mafungu mawili: uliotumika kutekeleza maagizo ya programu yenyewe, na ule ambao mfumo endeshi uliutumia kuihudumia, kwa mfano kuisomea faili. Programu iliyosubiri mtandao sekunde 10 huenda imetumia prosesa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde moja. Kwa saa ya kawaida huwezi kuliona hilo.

Kwenye kumbukumbu kuna mtego. Kiwango cha juu kilichofikiwa hutolewa kwa kilobaiti kwenye Linux, lakini kwa baiti kwenye macOS. Ukisahau, hesabu inapotoka mara 1,024. Tena kiwango hicho hakishuki hata programu ikiachia kumbukumbu. Ukitaka hali ya sasa kwenye Linux, programu isome mstari wa VmRSS katika faili ya /proc/self/status.