Je, Wajua? Kiyoyozi Hakitengenezi Baridi

Kiyoyozi hubeba joto la chumbani na kulitupa nje. Ndiyo maana kile kisanduku cha nje hupuliza hewa ya moto. Joto la Dar es Salaam la Januari na Februari likishika, kazi hiyo huwa nzito, na kisanduku kilichozibwa kwa ndoo, maboksi au khanga zilizoanikwa juu yake hushindwa kupumua. Kiachie nafasi.

Kushusha rimoti hadi 16 hakufanyi chumba kipoe haraka zaidi kwa mashine isiyo ya inveta: kompresa hufanya kazi kwa nguvu ileile, ila haipumziki, na uniti za LUKU zinateketea. Weka 25 au 26, uwashe na pangaboi. Feni hupoza ngozi, si chumba, basi izime ukitoka.

Lakini cha kwanza ni chujio. Zima umeme, fungua mfuniko wa mbele, lichomoe ulielekeze kwenye mwanga: usipoona upande wa pili, hewa nayo haipiti. Lioshe kwa maji, likauke kivulini, lirudishe. Inaniuma kila ninapoona watu wakilipia kuongezewa gesi, kumbe ni vumbi.