Maji ya Kufulia Nguo na Samaki wa Ziwa Letu

Kwenye fuo za Ziwa Victoria hapa Kisumu, si ajabu kuwaona wakazi wakifua nguo na kumwaga maji papo hapo. Wengi tunajua kwamba sabuni huchafua ziwa. Lakini maji hayo hubeba uchafu mwingine usioonekana kwa urahisi: nyuzi ndogo sana za plastiki.

Nyuzi hizi zinatoka wapi?

Nguo nyingi tunazovaa, ziwe mpya au za mitumba, si za pamba tupu. Poliesta, nailoni na akriliki ni aina za plastiki zilizotengenezwa kuwa uzi. Nguo hizo zinaposuguliwa, nyuzi hukatika na kutoka na maji. Mwaka wa 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kuwa kufua kilo 6 za nguo za akriliki kwa mashine kunaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000. Nyavu kuukuu za nailoni zinazoachwa majini nazo huchakaa na kutoa nyuzi.

Zinawadhuru vipi viumbe wa majini?

Vijidudu vinavyoelea majini, ambavyo ni chakula cha omena na samaki wachanga, huzimeza. Tumbo hujaa kitu kisicho na lishe. Katika majaribio ya maabara, kaa waliolishwa chakula chenye nyuzi za kamba ya plastiki walianza kula kidogo na kubaki na nguvu kidogo ya kukua.

Ziwa letu halijasalimika. Watafiti waliochunguza mbuta na ngege kutoka soko la Mwanza, Tanzania, walithibitisha plastiki katika matumbo ya samaki mmoja kati ya kila watano. Poliesta ilikuwa miongoni mwa plastiki hizo.

Hii si sababu ya kuacha kula samaki. Mbuta na ngege hutolewa matumbo kabla ya kupikwa. Hata hivyo, omena huliwa mzima, na riziki ya wavuvi na kina mama wauza samaki inategemea samaki wanaokua vizuri.

Mkazi afanye nini?

• Fua mbali na ziwa, mto na mtaro. Mitaro yetu huishia ziwani.
• Chuja maji ya kufulia kwa kitambaa kizito cha pamba, kisha utupe uchafu ulionaswa pamoja na taka za nyumbani.
• Mwaga maji hayo kwenye udongo, mbali na kisima.
• Usifue nguo ambayo haijachafuka. Kadiri inavyofuliwa mara chache, ndivyo inavyotoa nyuzi chache.
• Usitupe nguo kuukuu wala nyavu ziwani. Ukiona nyavu zimetelekezwa, iarifu BMU ya ufuo wako.

Nyuzi zikishaingia ziwani, hakuna njia rahisi ya kuzitoa. Zinazuilika zikiwa bado kwenye beseni.