‘Ndugu’ wa Kiswahili na ‘ndugu’ wa kromosomu ya 6

Neno ‘ndugu’ hubeba mzigo mkubwa katika lugha yetu, na wiki hii nataka tulitazame linapoingia hospitalini. Mgonjwa wa figo au wa saratani ya damu akihitaji kupandikizwa, swali la mapema la daktari ni: una ndugu? Lodwar, jibu huwa refu. Atatajwa mtoto wa mama mdogo, mtoto wa baba mdogo, na watoto wa wake wote wa baba. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu 1992, hutajwa hata yule aliyetembea naye njiani kutoka Sudan Kusini. Kwa Kiswahili wote hao ni ndugu na hakuna aliyedanganya. Lakini daktari anatafuta kitu chembamba zaidi.

Kitu hicho kiko kwenye kromosomu ya 6. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, na katika kila jozi moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Kwenye mkono mfupi wa hiyo ya 6 kuna eneo liitwalo HLA, lenye jeni zaidi ya 200 zilizobanana ndani ya herufi milioni 4 hivi za DNA. Nyingi kati ya hizo ni jeni za kinga. Ndizo huusaidia mwili kujua kipi chake na kipi kigeni. (Ile jeni ya STC1, inayohusiana na figo, iliyotajwa sana mwaka 2025 katika utafiti kuhusu Waturkana, iko kwenye kromosomu ya 8. Tusiichanganye na hizi.)

Sasa, watafsiri wetu hupenda kusema kwamba jeni za wazazi ‘huchanganyika’. Naona neno hilo linapotosha. Uji ukichanganyika na maziwa, ndio basi tena, huwezi kuvitenga. Jeni sivyo zilivyo. Fikiria nyuzi mbili za shanga kama zile wavaazo akina mama wa Turkana. Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, nyuzi mbili za kila jozi hulazwa sambamba, hukatwa mahali pamoja, kisha vipande hubadilishana na kuungwa upya. Shanga ni zilezile. Mpangilio ndio mpya. Kwa hiyo mimi husema ‘ubadilishanaji wa vipande’. Ni refu, najua, ila halidanganyi.

Ramani za jeni zilizaliwa humo humo. Mwaka 1913 Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa Thomas Hunt Morgan kule New York, alitumia hoja nyepesi mno alipowachunguza nzi wa matunda: shanga zilizokaribiana hutenganishwa mara chache, zilizo mbali mara nyingi. Hesabu mara hizo, utapata umbali bila hata kuziona jeni zenyewe. Kipimo chake leo ni sentimorgani. Jeni mbili zilizoachana kwa sentimorgani 1 hutenganishwa takriban mara 1 katika kila 100. Baadaye, mwaka 2001, Alec Jeffreys na wenzake wa Leicester walipima mbegu za kiume wakaonyesha kuwa ndani ya HLA uzi haukatiki popote tu. Hukatika hasa katika sehemu chache, nyembamba sana.

Matokeo yake ni kwamba jeni za HLA kwa kawaida hurithiwa kama furushi moja. Una mafurushi mawili, la baba na la mama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mafurushi yote mawili sawa, nafasi 2 kati ya 4 ya kulingana kwa moja, na nafasi 1 kati ya 4 ya kutolingana kabisa. Ndugu wa baba mmoja kwa mama tofauti wanatarajiwa kushiriki furushi moja tu, la baba, tena nusu ya mara.

Hapo ndipo tafsiri huumiza watu. Katika hospitali moja ya kaskazini nilimsikia mkalimani akiiambia familia, “Damu zenu haziingiliani.” Wazee walinyamaza, kisha macho yote yakamgeukia mama mzazi. Eti mtoto si wa boma! Kumbe kipimo hakikusema hivyo hata kidogo. Ndugu halisi wa tumbo moja, baba mmoja, robo yao hawalingani, na kipimo cha kulinganisha HLA hakikukusudiwa kuamua nani baba wa nani.

Vipimo vya DNA vya uzazi ni jambo jingine, navyo vina kisa chao. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi baada ya vipimo, vilivyoanzia Nairobi, kushindwa kuthibitisha uhusiano wa kuzaliwa katika familia nyingi. Ulaghai huenda ulikuwapo. Lakini mtoto wa marehemu dada uliyemlea tangu ananyonya, wewe ungemwitaje kwenye fomu?

Kwa hiyo mkalimani wa Lodwar au Kakuma asiulize, “Una ndugu wangapi?” Aulize, “Mama huyu na baba huyu wamezaa wangapi, na walio hai wako wapi?” Na majibu yakirudi aseme, “Furushi la kinga la ndugu yako halikulingana na lako, jambo la kawaida kwa watoto wa mama mmoja na baba mmoja.” Neno damu aliache nje ya chumba.