Kutambua Kosa la Hoja katika Mtihani wa Kuingilia Vyuo vya Sheria

Mtu atakaye kusoma sheria katika Marekani au Kanada aghalabu hupaswa kwanza kufanya mtihani ujulikanao kwa herufi LSAT. Mtihani huu ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na alama zake ni kuanzia 120 hadi 180. Haumwulizi mtu kifungu cho chote cha sheria. Tangu Agosti 2024 sehemu zake zinazohesabiwa alama ni tatu, kila moja ya dakika 35: mbili hupima hoja, na moja hupima ufahamu wa maandishi. Katika zile mbili za hoja, swali la namna moja hurudi mara kwa mara. Msomaji hupewa hoja fupi, kisha huulizwa ina kosa gani, naye huchagua jibu moja kati ya matano. Makala haya yataka kueleza namna ya kulitambua kosa hilo, na kwa nini jambo lenyewe ni zaidi ya mtihani.

Hoja yo yote ina sehemu mbili: misingi, yaani mambo yanayotolewa kuwa ushahidi; na natija, yaani lile neno ambalo msemaji ataka tulikubali kwa nguvu ya ushahidi huo. Mwanafunzi asiyezoea huanza kuupinga ushahidi, au kuuliza kama natija ni kweli. Swali halitaki hayo. Misingi na ikubaliwe kama ilivyo. Na natija yaweza kuwa kweli kabisa, hoja ikawa mbovu. Linalotafutwa ni pengo lililoko kati ya misingi na natija.

Basi kazi ya kwanza ni kazi ya lugha. Maneno kama "kwa hiyo", "basi" na "ndiyo maana" hutangulia natija. "Kwa sababu" na "kwa kuwa" hutangulia msingi. Baada ya hayo yatazamwe maneno madogo: "tu", "ila", "baadhi", "huenda", "lazima". Msingi ukisema "huenda", na natija ikasema "lazima", kosa limekwisha kujionyesha.

Makosa yenyewe ni ya namna nyingi. Hapa tutataja matatu yanayofaa kujulikana kwanza.

La kwanza ni kugeuza sharti. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Tukisema kwamba mvua hainyeshi pasipo mawingu, twasema kweli. Lakini mtu akitazama juu akanena, "Mawingu yapo, kwa hiyo mvua itanyesha," amelifanya jambo la lazima kuwa jambo la kutosha. Mawingu ni lazima kwa mvua, walakini hayatoshi kuileta.

La pili ni kudhani kwamba mambo mawili yakiandamana, moja limelizaa jingine. Tuseme kijiji chenye zahanati kina wagonjwa wengi walioandikwa kuliko kijiji kisichokuwa nayo. Mtu akasema kwamba zahanati yaleta maradhi. Pengine zahanati ilijengwa pale kwa kuwa maradhi yalikuwa mengi tangu zamani. Au pengine wagonjwa wa kijiji cha pili hawana wa kuwaandika.

La tatu ni neno kubadili maana njiani. "Kila mtu ana haki ya kutoa maoni yake. Mwenye haki hapaswi kupingwa. Kwa hiyo maoni ya mtu hayapaswi kupingwa." Katika sentensi ya kwanza, haki ni ruhusa, katika ya pili, ni kuwa na ukweli upande wako. Neno ni moja, maana ni mbili, na natija imesimama juu ya utupu.

Kuona kosa ni nusu ya kazi, maana majibu manne yasiyo sahihi hutungwa kwa werevu. Mengine hutaja kosa la kweli ambalo msemaji hakulifanya. Mengine hutaja jambo alilolifanya, ambalo si kosa. Kwa hiyo kila jibu na lipimwe kwa maswali mawili: Je, msemaji alifanya hivi? Na je, kufanya hivi ndiko kulikoiharibu hoja yake? Jibu lisilopita yote mawili liachwe.

Mtu aweza kuona kwamba haya ni mchezo wa karatasi tu. Lakini mahakamani kosa la namna hii huweza kumfunga mtu. Nchini Uingereza, mwaka 1999, mwanasheria Sally Clark alihukumiwa kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Daktari aliyetoa ushahidi alisema kwamba, katika jamaa kama ile, uwezekano wa mtoto kufa ghafla bila sababu kujulikana ni mmoja katika 8,543. Akaizidisha hesabu hiyo kwa yenyewe, akapata mmoja katika milioni 73 hivi. Kuzidisha huko kulidhani kwamba vifo viwili vya nyumba moja havihusiani, na hali ndugu hushirikiana damu na makazi. Tena, hata kama vifo vya namna hiyo ni vya nadra, mama kuwaua watoto wawili nako ni kwa nadra. Ilipasa nadra mbili zilinganishwe. Raia kumi kati ya 12 waliokaa kuamua walimwona ana hatia. Hukumu ilifutwa Januari 2003, hasa kwa kuwa matokeo ya uchunguzi wa maabara hayakuonyeshwa upande wa utetezi. Lakini majaji waliilaumu hesabu ile pia. Bibi huyo alifariki mwaka 2007.

Kwa hiyo anayejiandaa kwa mtihani huu asikariri majina ya makosa tu. Asomapo gazeti au asikilizapo mabishano barazani, aitafute natija, aiweke kando, aisome misingi peke yake, kisha ajiulize: Je, haya yaliyosemwa yanatosha kutufikisha pale?