Injini Inapokatakata Angani
Rubani akiniambia, "Fundi, injini inakatakata, halafu inatulia yenyewe," sikimbilii spana. Nauliza: ulikuwa unapaa au unashuka? Jana mvua ilinyesha?

Nakaa Magogoni, na riziki yangu ni Cessna na ndege nyingine ndogo za pistoni. Hewa yetu ya Mombasa imejaa unyevu, kwa hiyo mshukiwa wangu wa kwanza ni barafu. Ndiyo, barafu, huku pwani! Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta, joto laweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Hata nje kukiwa na nyuzi 25, unyevu huganda humo na injini ikasita, hasa rubani akipunguza nguvu ili ashuke. Ndege ikitua, barafu imeshayeyuka na fundi haoni kitu. Dawa ni kufungulia hewa moto ya kabureta mapema. Injini yaweza kukoroma zaidi kidogo, kisha itatengemaa.

Wa pili ni maji yanayopenya kwenye tangi, mathalani kupitia mpira uliochakaa wa kifuniko. Maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini. Kinga kidogo kwenye kikombe cha kuonea: petroli ya 100LL ni ya buluu, maji hayana rangi.

Wa tatu ni umeme. Kila silinda ina plagi mbili, na injini ina magneto mbili zinazozipa plagi umeme. Kabla ya kuruka, jaribu moja moja. Ikitetemeka kwa moja tu, umejua pa kuanzia.

Na usibadilishe vipuri vitatu kwa mkupuo: hutajua kipi kilikuwa kibovu.