Je, Wajua? Bati la Msauzi, Namba E na Ng'ombe Asiyeonekana

Je, wajua kwamba zamani ungeweza kupita mlangoni kwa tajiri wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, usijue kama ana ng'ombe hata mmoja? Kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, mifugo haikupelekwa malishoni. Ng'ombe alifungwa ndani ya nyumba ya msonge, chini ya paa lilelile la wenye nyumba, akaletewa majani na mabua ya migomba humo humo. Wanawake ndio waliobeba mizigo ya majani kichwani kutoka nyanda za chini hadi mlimani, na samadi ikarudi mgombani. Hata ungechungulia ndani ukamwona huyo ng'ombe, bado usingejua ni wa nani. Wachagga, wenyeji wa huko, walikuwa na desturi ya kuwakabidhi wenzao ng'ombe wawatunze: mtunzaji alipata maziwa na samadi, mwenye mali akabaki na ng'ombe wake na ndama watakaozaliwa. Hivyo mtu mmoja aliweza kuwa na mifugo kwenye vihamba vingi, na majirani wasiweze kuihesabu. Ilikuwa busara kubwa katika karne ya 19, siku ambazo utajiri uliojulikana uliwaita wavamizi, na mangi, yaani mtawala wao, naye alikuwa na mkono mrefu.

Kilichoubadili mlima huo ni kahawa. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne hiyo, na misheni ya Kibosho ikafunguliwa mwaka 1893. Wakulima walianzisha chama chao cha kwanza mwaka 1925, kisha mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jengo lake bado lipo katikati ya mji wa Moshi. Pesa ya kahawa haikuja kidogo kidogo kama pesa ya ndizi za sokoni. Ilikuja kwa msimu: malipo ya kwanza mkulima anapopeleka kahawa chamani, na nyongeza baadaye bei ya mnada ikiwa nzuri. Mtu akipokea fedha nyingi kwa mkupuo hununua kitu kikubwa, na hapa kitu hicho kilikuwa bati. Msonge wa nyasi ulikuwa umejificha ndani ya migomba, lakini nyumba ya pembe nne yenye bati jipya ilimeta hadi ng'ambo ya bonde. Naamini hapo ndipo mazungumzo ya mlimani yalipogeuka: kitu ambacho babu angekificha, mjukuu alikiweka juu ya nyumba.

Na bati halijaacha kuzungumzwa. Leo linalotajwa ni lile liitwalo msauzi, la rangi, na wenye kujua watakuuliza geji kabla hawajakuuliza bei. Je, wajua kwamba kwenye geji namba ndogo ndiyo kubwa? Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Ukimsikia mtu akisema kwa utulivu kwamba yeye kapaua kwa 28, ujue amejisifu vya kutosha, na fundi aliye karibu atatikisa kichwa kumkubali.

Nyumba nyingi kati ya hizo hufungwa karibu mwaka mzima. Mwenyewe yuko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au ng'ambo, na funguo anazo ndugu au mlinzi. Zinafunguliwa Desemba. Watanzania wengi wanajua utani kwamba Wachagga hurudi kwao Krismasi "kuhesabiwa", na wenyewe wanaupokea kwa moyo mweupe. Msongamano wa safari hizo ni mkubwa kiasi kwamba mabasi ya ziada hupewa vibali, na hata treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyokuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 20, ilirejeshwa Desemba 2019, wakati wa msimu huohuo. Kinachopandishwa mlimani ni zaidi ya watu: friji, televisheni, makochi, jiko la gesi la mama, simu ya baba. Uani huwa na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, na mbege, pombe ya ndizi, na ndipo kila kitu kinapoulizwa. Umekinunua wapi? Kwa shilingi ngapi? Nikikuagiza na mimi utaniletea? Swali la bei, ambalo kwingine lingeonekana ukosefu wa adabu, hapa ni sehemu ya hongera. Asiyeulizwa bei ya kitu chake kipya ana haki ya kusononeka kidogo.

Lakini mwezi huo mfalme ni gari, nalo lina siri yake. Namba za magari binafsi Tanzania huanza na T, zikafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na herufi hizo husonga mbele kwa mpangilio wa alfabeti kadiri magari yanavyosajiliwa. Basi watu wanachotazama ni ile herufi ya kwanza kati ya tatu: namba C, namba D, na sasa namba E. Madalali huitaja kwenye matangazo kabla ya kutaja rangi. Je, wajua kwamba herufi hiyo haisemi gari limeundwa lini? Inasema limesajiliwa lini nchini. Gari lililotembea Japani kwa miaka mingi likishushwa bandarini leo litavaa namba ya leo, na kwa macho ya Kibosho litakuwa jipya kabisa. Wapo pia wanaoilipa mamlaka ya mapato, TRA, ili gari livae jina lao badala ya tarakimu. Na wengi, kabla ya sifa kukolea, humwomba padre alinyunyizie maji ya baraka, gari kama nyumba. Desturi hiyo naipenda kwa dhati, maana humpa kila mtu nafasi ya kufurahi na mwenye gari hadharani, bila kinyongo.

Kujua kipya ni kipi hakukuanza na magari. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Kilimanjaro na nchi ya Wamasai ilibeba nguo, waya na shanga, na mfanyabiashara aliyebeba shanga za rangi iliyokwisha kupitwa na wakati alirudi nazo. Mteja wa bara alijua fasheni ya mwaka huo na hakudanganyika. Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1883, ilimbidi akae Taveta shanga zake zitungwe upya, kwa kuwa Wamasai hawakupokea ila nyuzi za urefu wanaoutaka wao.

Pwani walikwenda mbali zaidi. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, zipo nguzo za makaburi ya kale zilizopachikwa vyombo vya kauri vya Kichina. Sahani iliyonunuliwa kwa taabu ya bahari ilimsindikiza mwenyewe hadi kaburini, na wapita njia wakaiona.

Moshi mjini, hata hivyo, upo upande mwingine wa majivuno, nao ndio ninaouona mzuri kuliko yote. Nenda soko la Memorial, kwenye mitumba. Wanaojua huwahi asubuhi, belo linapofunguliwa, wakachagua kabla mikono haijawa mingi. Sketi ya sufu iliyoshonwa vizuri, koti la kuvaa Julai wakati baridi ya Kibosho Kirima au Umbwe inapouma, viatu vya ngozi ambavyo soli zake hazijaguswa. Jumapili mtu huvaa koti hilo kanisani na wenzake wakalisifu: "Dada, hili koti umelitoa wapi?" Hapo anayejisifu huitaja bei ndogo, akaishusha kidogo na sauti, kisha akaeleza alivyobishana na muuzaji hadi akapunguziwa. Anayesikiliza huuliza jambo moja tu: belo lijalo linafunguliwa siku gani.